Kutoa foo-wili kwenye Hilux ya zamani

Mkuu nimekusoma, Hilux ya 1994 uko nayo Urambo, mbele inalia na fundi anataka ang'oe foo-wili yote, yaani vile vinavyosukuma magurudumu ya mbele, ibaki inasukuma nyuma tu eti itumie mafuta kidogo. Subiri kwanza. Kama ni ile ya ekseli nzima mbele yenye frii hubu za kuzungusha kwa mkono (vile vifungio vya katikati ya gurudumu la mbele, vinaliunganisha na ekseli au kuliachia), ukiwa 2H, gia ya kusukuma nyuma tu, tayari inasukuma nyuma peke yake, sasa unang'oa nini? Weka hubu zote mbili kwenye FREE uendeshe, mlio ukipotea shida iko difu (bakuli la gia kwenye ekseli), ekseli au propela ya mbele (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu), ukibaki cheki beringi za magurudumu.

Ukiona lazima, toa propela shafti ya mbele tu, ni bolti nne kila mwisho, piga alama ya rangi kabla hujafungua na uitunze stoo. Hapo 4L, ile gia nzito ya foo-wili, usiguse kabisa, nguvu yote itaenda nyuma utavunja ekseli. Mimi niliitoa yangu, mafuta sikuona tofauti, halafu masika nikanasa kwenye mfinyanzi njia ya Kaliua na madumu ya asali nyuma, tukalala hapo hapo mpaka trekta lilipokuja asubuhi.

Mwenye Defender asiige hii, ile ni foo-wili muda wote, ukitoa propela ya mbele bila kufunga difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, gari halisogei.

Kwenye Hilux yako, mwaga oili ya difu ya mbele uiangalie, ukikuta chenga za chuma tafuta fundi wa difu haswa, sio huyo wa kung'oa.