Jibu: Blantyre aliyozaliwa Livingstone ni ipi?

Salaam ndugu. Umekwama kwa sababu kila unapotafuta kijiji cha kiwanda cha pamba alikozaliwa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Afrika, mwaka 1813, unaletewa mji wa Blantyre wa Malawi, ambao ulipewa jina la kijiji hicho cha Uskoti. Kwanza ongeza neno Lanarkshire (eneo la Uskoti kilipo kijiji hicho) au mto Clyde unaopita hapo. Ndivyo nilivyofanikiwa mimi. Ama lile jengo jeupe la Shuttle Row alimozaliwa, halikuwa la wazazi wake peke yao: lilikaliwa na familia 24 za wafanyakazi, na wazazi wake walikuwa na chumba kimoja tu. Akiwa na miaka 10 Livingstone aliunga nyuzi zilizokatika kiwandani, saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, ndipo akaenda shule, jambo ambalo kwangu ni ukatili mtupu. Leo jengo hilo ni makumbusho.