Kwa mpiga solo mgeni: msikilize B.B. King

Vijana wapiga gitaa la solo wanaojiunga na bendi yetu huja na kasi. Vidole vinakimbia, noti zinamwagika, mwimbaji anakosa pa kuingilia. Huwa nawaambia wakamsikilize B.B. King, mwimbaji na mpiga gitaa wa blues wa Marekani, hasa pale anaponyamaza.

King, ambaye jina lake halisi ni Riley, alizaliwa Mississippi mwaka 1925, akachuma pamba na kuendesha trekta. Mwaka 1946 alikwenda Memphis kwa binamu yake, Bukka White, aliyekuwa fundi wa kutelezesha chuma juu ya nyuzi hadi gitaa linalia. King akajaribu, ikamshinda. Akabaki kutikisa kidole juu ya uzi akiutafuta mlio ule ule, na mtikiso huo ndio uliokuja kumtambulisha.

Ujaribu hivi. Kandamiza noti moja kwa kidole cha shahada, ondoa dole gumba kwenye shingo ya gitaa, halafu tikisa mkono kuanzia kifundo, bega litulie. Usiharakishe, maana mtikiso wa haraka husikika kama mtu aliyeshikwa na homa. Kaa na noti hiyo hiyo hadi ikuchoshe, kisha endelea kidogo.

King mwenyewe alisema wazi kwamba kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, hazikuwa fani yake, na kwamba hakuweza kuimba huku anapiga. Kwa hiyo aliimba mstari, akanyamaza, gitaa likajibu. Tafuta video zake za Kinshasa, Septemba 1974, kwenye tamasha la pambano la ndondi la Ali na Foreman. Pale, katika mji wa Franco, yule gwiji wa gitaa wa Kongo, mji uliojaa wacharazaji wa solo, hakubadilisha kitu.

Kuhusu riziki: usidharau tangazo wala harusi. King alipata nafasi redio WDIA kwa kuimba tangazo la dawa ya Peptikon. Mwaka 1956 alipiga maonyesho 342, mengi yakiwa ya safari ndefu za basi. Anayetaka kulala kwake kila usiku atafute kazi nyingine.

Magitaa yake aliyaita Lucille, na kisa cha moto kilichozaa jina hilo wengi wanakijua. Mimi napenda zaidi kile cha matambara. Gitaa lenye matundu lilikuwa likipiga miluzi kwenye spika sauti ikipanda, basi akayaziba kwa vitambaa. Mnamo 1980 Gibson, watengenezaji wa magitaa, wakatoa Lucille isiyo na matundu kabisa. Lako likipiga miluzi, anza na tambara kabla hujaenda dukani.