Nimesimamishwa kwaya kwa sababu ya kumhudumia jirani aliyepooza: je, namkosea Mungu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Nina jirani, mama mtu mzima, aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi. Watoto wake wako mbali, na fedha wanazotuma ni za kubahatisha. Ni mtu wa dini nyingine. Tangu mwaka jana mimi ndiye ninayemwogesha, kumlisha na kumgeuza kitandani. Kwa ajili hiyo nimekosa mazoezi ya kwaya mara nyingi, maombi ya katikati ya juma nayo nayakosa, na kuna Jumapili nafika ibada ikiwa inaelekea mwisho. Mzee wa kanisa amenisimamisha kwaya. Anasema wokovu hauji kwa matendo, Bwana mwenyewe alisema maskini tutakuwa nao siku zote, na kazi ya kanisa ni roho za watu. Miili ina serikali na mashirika. Ameniambia nichague moja. Mume wangu naye ameanza kunung'unika. Je, namkosea Mungu? Na je, nimweleze huyu mama habari za Yesu, au ataona namdai malipo? Nimechoka, mchungaji.

JIBU: Amina, dada yangu. Humkosei Mungu. Nalitanguliza hilo ili usiyasome yanayofuata kwa hofu.

Kwa kawaida swali la mtu aliyetofautiana na mzee wake namrudisha kwao wakamalizane wenyewe. Hili nimeshindwa kulinyamazia, maana maneno uliyoambiwa nayasikia makanisa mengi sasa, tena yanasemwa kwa mistari ya Biblia mkononi. Mtu anayeumizwa kwa mstari anastahili kujibiwa kwa mstari.

Mzee wako amesema wokovu hauji kwa matendo. Hapo hatuna ugomvi naye hata kidogo. "Mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani." Nawe hujaniandikia kwamba unamgeuza yule mama ili upate mbingu. Ila watu wengi wakifika Waefeso 2:9 hufunga Biblia, na mstari wa 10 unabaki bila msomaji: tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema, ambayo Mungu aliyatengeneza tangu awali ili tuenende nayo. Paulo anayaondoa matendo kwenye mlango wa kuingilia, kisha sentensi inayofuata anayaweka ndani ya nyumba. Anayemnukuu nusu amemnyamazisha.

Tena Paulo huyo huyo, alipokutana na Yakobo, Kefa (yaani Petro) na Yohana kule Yerusalemu, waligawana kazi, yeye kwa Mataifa na wao kwa waliotahiriwa, na wakamwomba neno moja tu: awakumbuke maskini. Anasema katika Wagalatia 2:10 kwamba hilo alikuwa na bidii kulifanya. Alizunguka makanisa ya Makedonia na Akaya akikusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, akaupeleka mwenyewe huku akijua kuna watu kule wanaomtafuta. Mtume wa neema ndiye huyo.

Na kama mzee wako anamheshimu Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa kanisa wa Ujerumani, kwa sababu ya fundisho la neema, basi akumbuke alichofanya mwaka 1527 tauni ilipoingia mji wake wa Wittenberg. Mtawala alimtaka aondoke, akabaki, na nyumba yake ikageuka mahali pa kulaza wagonjwa huku mkewe akiwa mjamzito. Aliandika waraka kujibu swali la wachungaji wenzake, kama Mkristo anaruhusiwa kuukimbia ugonjwa unaoua. Jibu lake, kwa ufupi, ni kwamba anaruhusiwa ikiwa jirani anabaki na wa kumhudumia. Ikiwa hana, haruhusiwi. Akaongeza kwamba mtu anayetamani kumhudumia Kristo anaye jirani yake mgonjwa hapo karibu. Sidhani kuna aliyewahi kumshuku Luther kwamba anatafuta wokovu kwa matendo.

Sasa nije kwenye "maskini mnao siku zote". Mstari huu unatumika vibaya kuliko karibu mstari mwingine wowote, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Yesu aliusema Bethania, mezani. Mwanamke alikuwa amevunja kibweta cha marhamu ya thamani akammiminia kichwani, na wanaume waliokuwapo wakamnung'unikia kwa namna alivyotumia alichokuwa nacho. Yesu akawaambia, "Mwacheni, mbona mnamtaabisha?" Kisha ndipo yakaja hayo ya maskini. Kwa hiyo neno lililosemwa kumkinga mwanamke asisumbuliwe kwa huduma yake, leo limechukuliwa kumsumbua mwanamke kwa huduma yake! Na Marko ameiandika sentensi yote: "maskini mnao siku zote pamoja nanyi, na kila mpendapo mwaweza kuwatendea mema." Katikati ya sentensi pamekatwa. Isitoshe, Yesu alikuwa akigusa Kumbukumbu la Torati 15:11, ambapo Mungu anasema maskini hawatakoma katika nchi, na kwa sababu hiyo hiyo anaamuru mkono ufumbuliwe kwa ndugu mhitaji. Waliokuwa mezani waliijua Torati. Kudumu kwa umaskini ndiyo sababu ya amri. Mzee wako amegeuza kudumu huko kuwa udhuru. (Na aliyelalamika kuhusu matumizi yale, Yohana anatuambia, ni Yuda, yule aliyeshika mfuko wa fedha. Sisemi zaidi.)

Limebaki lile la roho na miili. Hapa nataka nimtendee haki mzee wako, maana hofu yake ina historia. Mwanzoni mwa karne ya 20 lilienea, Marekani hasa, fundisho lililoitwa Injili ya jamii, na baadhi ya walioshika fundisho hilo walifika mahali pa kuhubiri shule bora na mishahara ya haki huku msalaba na toba vikififia. Waliotaka kuilinda Injili wakarudi nyuma kwa hofu, wakaiacha na huduma yenyewe. Vizazi viwili vitatu vikalelewa hivyo, na wamisionari wakayabeba mafundisho hayo mbali. Mwaka 1974 viongozi wa kiinjili kutoka nchi zipatazo 150 walikutana Lausanne, Uswisi, wakaandika katika agano lao kwamba uinjilisti na kuhangaikia jamii vyote ni wajibu wa Mkristo, na wakatubu kwa kuwahi kuviona kama vitu visivyoweza kukaa pamoja. Hawakusema ni kitu kimoja. Kumlisha mtu si kumhubiria, na wao walilisema wazi. Lakini aliyetubu jambo mwaka 1974 asirudishwe kulitenda leo.

Na tukiacha historia, hebu mzee afungue Injili yoyote ahesabu mara ambazo Yesu alimwambia kipofu, "Macho yako ni kazi ya serikali." Bwana wetu alifufuka na mwili. Akawaonyesha wanafunzi mikono na miguu yake, akaomba chakula akala mbele yao. Dini inayodharau mwili ipo, ni ya zamani sana, na kanisa la kwanza lilipigana nayo.

Huenda akakutajia Matendo 6, pale mitume waliposema haipendezi waliache Neno la Mungu wakahudumu mezani. Akikutajia, shukuru, kwa sababu sura hiyo ndiyo kiini cha tatizo lako. Wajane waliokuwa wakisema Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wajane wavumilie, wala hawakuifuta meza. Waliita kanisa zima, likachagua watu saba wenye sifa njema, waliojawa na Roho na hekima, na majina yote saba ni ya Kiyunani, yaani kazi ilikabidhiwa watu wa upande ulioonewa. Wakaombewa na kuwekewa mikono. Mstari wa saba unasema Neno la Mungu likaenea.

Basi swali ninaloliona katika barua yako si kwa nini dada huyu hayuko kwenye mazoezi ya kwaya. Swali ni kwa nini yuko peke yake kwa yule mama. Kanisa lenye kwaya lina watu. Wangetoka wanne tu wakagawana siku, wewe ungekuwa umesimama kwenye safu yako unaimba. Kanisa limekuachia kazi yake, kisha limekuadhibu kwa kuchelewa kurudi kutoka kwenye kazi hiyo. Nimelipima neno hili kabla ya kuliandika, na siliondoi.

Kuhusu dini ya jirani yako. Wapo wafafanuzi wanaosema "ndugu zangu hawa walio wadogo" katika Mathayo 25, pale Yesu anaposema tuliyowatendea hao tumemtendea yeye, ni wanafunzi wa Yesu tu, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wengine wanaona ni kila mwenye shida. Kwa jambo lako hatuhitaji kuamua. Wagalatia 6:10 inasema tuwatendee mema watu wote, hasa jamaa ya waaminio. Hilo "hasa" haliwafuti wengine. Na katika Luka 10 yule Msamaria hakumuuliza majeruhi anasali wapi. Kaisari Juliano, aliyeuacha Ukristo na kutaka kurudisha ibada za miungu, alimwandikia kuhani wake mkuu wa Galatia mnamo mwaka 362 akilalamika kwamba ni aibu: Wagalilaya, ndivyo alivyotuita kwa dharau, wanawatunza maskini wao na pia maskini wetu. Adui alikuwa akilalamika, naye aliona vizuri.

Nikishasema hayo, lipo moja lako. Waebrania 10:25, inayotuonya tusiache kukusanyika pamoja, haijafutwa. Kukosa ibada kwa sababu mgonjwa hana mtu ni jambo moja. Kuzoea kuikosa ni jingine, na la kwanza huteleza likawa la pili bila mtu kutambua. Unahitaji Neno, Meza ya Bwana na kuombewa, tena wewe kuliko aliyelala usiku mzima. Usikubali kuchagua moja kama ulivyoambiwa. Shika yote mawili, na kwa hilo utahitaji watu.

Umesema umechoka, nami nalichukulia neno hilo kwa uzito kuliko yote uliyoandika. Eliya alipolala chini ya mretemu akiomba afe, Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, akampa tena usingizi. Mtu asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takribani kila saa mbili asipate vidonda kwenye visigino, nyonga na mwisho wa mgongo, usiku na mchana. Hiyo si kazi ya mtu mmoja mwenye mume na nyumba. Mwombe mhudumu wa afya akufundishe kumgeuza kwa shuka bila kuuvunja mgongo wako, na aukague mgongo wa mama mara kwa mara. Ukiona wekundu usioondoka ukibonyeza, usingoje.

Waandikie watoto wake, kwa adabu lakini bila kuzunguka. 1 Timotheo 5:4 inawapa watoto na wajukuu zamu ya kwanza ya kuwalipa wazazi wao, na najua wao si wa imani yetu, lakini sijui dini inayowaruhusu kumwachia jirani mama yao. Waeleze hali ilivyo, na fedha zitakazokuja ziandike kwenye daftari, kila kilichonunuliwa na siku yake. Wema usioandikwa huzua maneno.

Mume wako usimjibu kwa Biblia. Kaa naye, muulize ni nini hasa kinachomuuma. Mara nyingi mume anayenung'unika juu ya mgonjwa wa jirani anataka mke wake arudi mezani jioni mbili tatu kwa wiki, na hilo ni haki yake. Huenda akashika zamu moja mwenyewe akiombwa vizuri.

Kwa mzee, nenda kwanza peke yako, kama Mathayo 18:15 inavyoelekeza. Usiende na jibu langu mkononi kama hati ya mashtaka. Mwambie: "Mzee, napenda kurudi kwaya. Naomba kanisa linipatie watu watatu au wanne wa kushika zamu." Ukisema hivyo umemwondoa kwenye mabishano ya mafundisho na kumweka mbele ya orodha ya majina. Akikataa, nenda kwa mchungaji wako pamoja na mtu mmoja au wawili wanaoijua hali. Kikundi cha akina mama wa kanisa nacho usikisahau. Mara nyingi wanaingoja taarifa tu.

Swali lako la mwisho. Usiifanye sabuni na chakula kuwa chambo. Watu walipomfuata Yesu kwa sababu walishiba mikate, aliwaambia wazi, lakini hakuwahi kumwekea mtu mkate kwa sharti. Yule mama hawezi kuinuka akaondoka. Kumhubiria mtu wa namna hiyo bila ridhaa yake ni kumwonea. Akitaka kuomba kwa dini yake, mwache aombe, na ukiombwa kumwita kiongozi wake wa dini, mwite. Petro anasema tuwe tayari kumjibu kila anayetuuliza habari za tumaini lililo ndani yetu, kwa upole na kwa hofu. Kwa miezi yote hiyo nadhani atauliza, kama hajauliza tayari kwa njia yake. Akiuliza, mweleze habari za Yesu bila kuficha wala kuomba radhi. Akisema hataki kusikia zaidi, badilisha mazungumzo, na zamu yako ikifika uende kama kawaida.

Niandikie mzee akishakujibu. Neema ya Bwana wetu iwe nawe.