Msimamizi anasoma sura zangu, lakini nani atanilea kitaaluma?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa uzamivu, mwaka wa tatu, na nia yangu ni kuwa mhadhiri na mtafiti. Msimamizi wangu ni mtu makini. Kila sura ninayompelekea huirudisha ikiwa imejaa maoni. Hata hivyo, nikimgusia habari za kuchapisha makala, kufundisha au kuomba kazi, hunijibu kwamba nimalize tasnifu kwanza. Je, nisubiri, au nitafute mlezi mwingine bila yeye kujua?

JIBU: Ndugu msomaji, usisubiri, na wala usimfiche. Kusimamia tasnifu ni kazi moja na kumlea mtu hadi asimame katika taaluma ni kazi nyingine, na si kila aimuduye ya kwanza ana nafasi ya kuifanya ya pili. Makala yaweza kukaa kwa wahakiki miezi mingi, pengine ikapita mwaka kabla haijachapishwa, hivyo anayeanza kujiandaa baada ya kutetea tasnifu huwa amechelewa.

Naona pia kwamba huenda maombi yako kwake ni mapana mno. Mwanafunzi akisema "nisaidie kuhusu ajira", msimamizi huingiwa na hofu kwamba tasnifu inakimbiwa. Mwandikie hivi: "Ningependa sura ya tatu izae makala moja. Naomba nusu saa wiki ijayo tukubaliane kuhusu hoja itakayobebwa, jarida litakalofaa na majina ya waandishi." Ombi la namna hiyo linajibika, na linamwonyesha kwamba makala inatoka ndani ya tasnifu yenyewe.

Hilo la majina ya waandishi nalisisitiza, kwa sababu limevunja uhusiano mwingi mzuri. Lizungumzeni kabla ya kuandika. Mwongozo wa kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ambao hata wasio wa tiba wanaweza kuutumia kama kipimo, unamtaka mwandishi atimize masharti 4: awe amechangia kwa uzito katika utafiti, ameshiriki kuandika au kuhakiki maandishi, ameidhinisha nakala ya mwisho, na amekubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Kutafuta fedha za utafiti peke yake, au kusimamia kwa jumla tu, hakumfanyi mtu kuwa mwandishi.

Kuhusu walezi wengine, kidole kimoja hakivunji chawa. Mhadhiri aliyeajiriwa karibuni anakumbuka vizuri maswali ya usaili kuliko profesa aliyeajiriwa zamani. Mwingine mwenye sifa ya kufundisha umwombe akae darasani kwako siku moja, kisha akuandikie alichokiona. Baadaye ndiye atakayeweza kuueleza ufundishaji wako kwa ushahidi. Wanafunzi wenzako nao wasidharauliwe, maana kikundi kidogo kinachosomeana rasimu kila baada ya wiki mbili humsaidia mtu kumaliza kazi ambayo peke yake angeiahirisha. Mwambie msimamizi wako waziwazi kwamba unawaendea watu hawa na kwa jambo gani. Wengi hupumua wakijua mzigo umegawanywa.

Watu hao hao ndio watakaokuandikia barua za mapendekezo, na barua nzuri haiandikwi na mtu anayekujua kwa jina tu. Unapoiomba, toa angalau mwezi mmoja, uambatishe tangazo la kazi, wasifu wako na nusu ukurasa unaomkumbusha kazi zako alizozishuhudia kwa macho yake. Muulize pia kama ataweza kuandika barua yenye nguvu. Akisitasita, mshukuru na umwendee mwingine.

Ikitokea msimamizi akakukataza kabisa kuchapisha au kufundisha, mwombe sababu kwa maandishi, kisha uipeleke kwa mratibu wa masomo ya uzamili na uzamivu katika idara yako, ukiwa na ratiba inayoonyesha tarehe ya kukamilisha kila sura iliyobaki.