Maswali ya wawindaji: kulowa mvua, kulowa jasho

Nimenunua koti la mvua la bei, la kile kitambaa kinachosemwa kwamba "kinapumua". Nusu saa ya kutembea, niko chepechepe. Nimeuziwa feki?

Huenda si feki. Siku nyingine livue, upapase ndani: maji hayo ni jasho lako. Kitambaa cha namna hiyo hutoa mvuke pale tu ndani ya koti panapokuwa na joto na unyevu kuzidi nje. Kwenye baridi kavu kinakwenda vizuri. Hewa ya nje ikiwa nayo ni ya joto na imejaa unyevu, mvuke hauna pa kutokea. Na uso wa koti ukishalowa, hata kile kidogo kilichokuwa kinapita kinakwama.

Ushauri wangu, ambao wengi hawaupendi: unapotembea, lowa tu. Vaa shati jepesi linalokauka upesi, koti likae begini. Ukifika mahali pa kuvizia, subiri jasho likatike ndipo ulivae, maana ukikaa kimya na nguo mbichi huku upepo unavuma, hata siku ya joto utatetemeka. Na punguza mwendo. Anayefika akihema amejilowesha mwenyewe, na wanyama wameshamsikia.

Ndani nivae pamba, poliesta au sufu?

Pamba hapana. Inanyonya maji, inagandamana na mwili, inachubua mapaja na makwapa. Poliesta hainyonyi hata asilimia 1 ya uzito wake, kwa hiyo inakauka haraka, ila siku ya pili utanuka hadi ujichukie. Sufu nyembamba hubeba mvuke wa karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi ubichi, nayo hainuki upesi; kasoro yake ni kuchelewa kukauka. Mimi huvaa sufu juu na suruali ya nailoni chini. Mafuta ya mgando yapake mapajani kabla ya kuondoka, usingoje uanze kutembea umetanua miguu.

Buti za mpira zinafaa?

Kwa tope na majani yenye umande, ndiyo. Kwa kuvuka vijito, hapana: maji yakishaingia kwa juu hayatoki, unatembea na ndoo mbili. Hapo chukua buti za turubai zenye vitundu vya kutolea maji. Vyovyote iwavyo, beba soksi za akiba kwenye mfuko usiopitisha maji, ubadilishe mchana. Miguu ikishinda majini ngozi huwa nyeupe, hukunjamana na kuuma, hata maji yakiwa ya vuguvugu. Usiku iache wazi ikauke.

Dawa ya mbu imeniharibia mkanda wa saa. Inawezekana?

Kama ina DEET, kemikali ya kufukuza wadudu, ndiyo. Hulainisha plastiki na baadhi ya vitambaa vya sintetiki, hata vanishi ya kitako cha bunduki. Ukishapaka, futa viganja.

Na bunduki yenyewe?

Mdomo wa mtutu uelekeze chini mvua inaponyesha. Ukirudi, hakikisha haina risasi, ipanguse, pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu, kisha mafuta kidogo. Usiirudishe kwenye mkoba wake uliolowa. Niliwahi kuiacha humo usiku mmoja tu kwa uchovu. Asubuhi nilikuta kutu imeshaanza.