Nyoka mweusi bustanini Ohio: namna ya kumjua gata aliyekosa mistari

Kila mwaka theluji ikishayeyuka na jua likaanza kupasha mawe, simu yangu hujaa picha za nyoka. Wanaozituma ni Waswahili wenzangu wa huku kaskazini mwa Ohio, wengi wao wametokea Kongo, Burundi na Tanzania, na swali lao ni lile lile: huyu mweusi ni nani, na je, tumuue? Mama mmoja wa Uvira aliniuliza, "Mwanangu, kumbe huku nako kuna koboko?" Hakuna, mama. Makoboko wote wako Afrika. Mara nyingi aliye kwenye picha ni gata, nyoka asiyemdhuru mtu, ila amezaliwa mweusi.

Gata wa kawaida, ambaye wanasayansi humwita Thamnophis sirtalis, hujulikana kwa mistari mitatu ya manjano inayotoka shingoni hadi mkiani: mmoja juu ya uti wa mgongo na mmoja kila ubavu. Kwa hiyo mtu akikuta nyoka mweusi tii, wazo la gata halimjii kabisa. Lakini mwambao wa Ziwa Erie, upande huu wa Ohio na ng'ambo ya pili kule Kanada, Point Pelee na Long Point, una gata weusi wengi kuliko kwingine. Rangi hiyo ni ya kurithi. Wanasayansi Frank na Frieda Blanchard wa Michigan waliwazalisha nyoka hawa, na matokeo yao yaliyochapishwa 1941 yalionyesha kwamba weusi huo unatoka kwenye kinasaba kimoja kinachojificha: mtoto hawi mweusi mpaka akipate kwa baba na kwa mama pia. Ndiyo maana mama mwenye mistari safi kabisa anaweza kuzaa watoto wa mistari na watoto weusi tumbo moja. Nasema kuzaa kwa sababu gata hatagi mayai.

Ushauri wangu wa kwanza ni huu: rangi iache mwisho. Anza kwa kumwondoa shakani yule wa hatari.

Huku kwetu wa hatari anayeweza kukuchanganya ni massasauga, nyoka mfupi mnene mwenye njuga mkiani, anayekaa kwenye majani yenye majimaji. Wengi wana madoa, lakini wako walio weusi mwili mzima. Simama mbali, vuta picha kwa kamera ya simu, kisha tazama mkia. Mkia wa gata unachongoka taratibu hadi ncha nyembamba. Wa massasauga unakatika butu kwa njuga, na hata mtoto wake ana kifundo pale. Jicho la massasauga lina mboni ya wima, la gata lina mboni ya duara. Ukishaona njuga, rudi nyuma na umwache aende. Tangu 2016 serikali ya Marekani imemweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na kumuua ni kosa la kisheria.

Akishatoka huyo, wanabaki wasio na sumu ya kumdhuru mtu, na hapo ndipo kazi ya kutambua inapokuwa tamu. Tazama magamba. Gamba la gata lina mwinuko mwembamba unaopita katikati yake, mithili ya mkuku wa jahazi, kwa hiyo mwili wake unaonekana mkavu usiong'aa sana. Nyoka mwepesi wa mbio anayeitwa racer ana magamba laini yanayoteleza na kumeta. Tofauti hii ina uzito kuliko kidevu cheupe, ambacho watu hukitegemea sana. Ni kweli gata mweusi huwa na weupe kidevuni na kooni, lakini racer naye anao.

Umri unasaidia mno. Watoto wa racer, wa nyoka-panya mweusi (nyoka anayekula panya) na wa nyoka wa majini huzaliwa na madoa au mikanda, weusi huwajia wanapokua. Gata mweusi huzaliwa tayari mweusi. Ukikuta katoto kenye urefu wa kiganja, keusi bila alama yoyote, na magamba yake yana ule mwinuko, mimi nitasema gata bila kusitasita. Ila hakikisha shingoni hakuna pete ya manjano: mwenye pete ni nyoka mwingine mdogo, na magamba yake ni laini.

Anayenipa shida zaidi ni nyoka wa majini. Magamba yake yana mwinuko kama ya gata, anaishi kando ya ziwa lile lile, na akizeeka mikanda yake hufifia hadi abaki wa rangi moja ya giza. Picha ya akiwa amelowa ni bora, maana maji huirudisha mikanda ile ionekane. Mwili wake pia ni mzito zaidi, na huuma kwa hasira hadi damu ichuruzike, ingawa hana sumu. Gata akishikwa, silaha yake kubwa ni uvundo anaoutoa chini ya mkia.

Pale ambapo picha haitoshi, tafuta ngozi aliyojivua. Naipenda njia hii kuliko zote kwa kuwa humgusi nyoka wala humsumbui. Nyoka hujivua wakijisugua kwenye mawe, magogo na msingi wa nyumba, kwa hiyo kagua hapo. Ipate ngozi, ilainishe kwa maji ya vuguvugu, itandaze. Katikati ya mwili hesabu safu za magamba kwa mshazari, ukiacha yale mapana ya tumboni: gata kwa kawaida ana 19, nyoka wa majini huzidi 20. Kisha angalia gamba la mwisho tumboni, lile linalofunika tundu la kutolea uchafu. La gata ni moja, zima. La racer, la nyoka-panya na la nyoka wa majini limegawanyika mara mbili. Massasauga naye analo zima, ndiyo sababu nimetaka tumalizane naye mwanzo.

Ukikosa ngozi, piga picha tatu: kichwa kwa ubavu, mwili katikati ukiwa karibu kiasi cha kuona magamba, na mkia. Zipeleke iNaturalist, tovuti ya kutambua viumbe kwa picha, ukitaja mahali, watu wenye ujuzi watakusaidia.

Na jambo moja kwa wanaosafiri kwenda nyumbani: usiende na vipimo hivi. Mboni ya duara huko haina maana ya usalama, kwa kuwa koboko na swila wote wana mboni za duara. Magamba yenye mwinuko nayo hayakuhakikishii lolote. Yuko nyoka wa mitini anayeitwa boomslang, ana sumu ya kuvujisha damu, magamba yake yana mwinuko dhahiri, na madume yake mengine ni meusi. Ukiwa Kigoma au Kilifi ukamwona nyoka mweusi, ondoa watoto, kaa mbali, umwite mtu anayewajua nyoka wa pale.