Kama madaktari wa zamani walikosea hivyo, sindano ya mwezi tuache?

SWALI: Mwalimu hujambo. Mimi niko na duka hapa Kondele, Kisumu. Kuna mihadhara ya bure imekuwa ikifanywa Jumamosi kwa ukumbi mmoja wa mjini kuhusu historia ya matibabu ya akili, nikaenda na mzee wangu juu tuko na mdogo wake nyumbani, anadungwa sindano kila mwezi, na sasa ametulia hata ananisaidia kupanga stoo. Mhadhiri akatuonyesha mambo ya kuogofya, watu kutobolewa fuvu na kukatwa ubongo, na daktari wa Mathari, ile hospitali ya akili ya Nairobi, wa wakati wa mkoloni aliyesema ubongo wa Mwafrika una kasoro. Tangu tutoke huko mzee anasema hizo dawa zote ni za mkoloni, kijana asirudi kliniki. Nifanye nini? (Mama Duka, Kondele)

JIBU: Mama Duka, kijana asikose sindano ya mwezi huu. Hilo ndilo jibu, sasa tuongee vizuri.

Mzee wako ana haki ya kukasirika, tena mimi nakasirika naye. Mathari ilianza kama mahali pa kutenga wagonjwa wa ndui, ikageuzwa kuwa nyumba ya wazimu mwaka wa 1910, na wadi zilikuwa zimegawanywa kwa rangi, Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake, na unaweza kukisia nani alilala pabaya. Huyo daktari mliyeonyeshwa ni J. C. Carothers. Alipewa hospitali yote mwaka wa 1938 akiwa daktari wa kawaida wa serikali, hajasomea magonjwa ya akili, akakaa hadi 1950. Halafu 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu akisema Mwafrika hatumii sawasawa sehemu ya mbele ya ubongo, ati anafanana na Mzungu aliyekatwa ubongo! Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikatoa kijitabu chake kuhusu Mau Mau, watu wanadai mashamba yao yeye anawaeleza kama wagonjwa. Yaani aliangalia watu waliofungiwa hospitali na jela akahukumu bara zima. Frantz Fanon, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa akili kule Blida, Algeria, alimshambulia kwa maandishi na hakumbakishia kitu.

Na huko kukatwa ubongo ni kweli. Egas Moniz wa Ureno aliuanzisha 1935 na 1949 akapewa tuzo ya Nobel. Nataka mzee asikie hapo, tuzo ya Nobel, yaani kwa kitu ambacho kiliacha watu wengi kama vivuli tu, hawana hamu, hawana hasira, familia inaambiwa amepona.

Lakini mzee amechanganya mchele na chuya. Sindano ya kijana haikutoka kwa Carothers. Ilianza kwa daktari wa upasuaji Mfaransa, Henri Laborit, aliyekuwa anatafuta dawa ya kutuliza wagonjwa kabla ya operesheni, akaona dawa moja inawafanya wawe watulivu bila kuwalaza fofofo, na 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wakaijaribu kwa wagonjwa wa akili hospitali ya Sainte-Anne, Paris. Kwetu dawa hiyo watu wanaijua kama Largactil. Kabla yake mtu anayesikia sauti alikuwa na kufungiwa, kamba, minyororo au maji baridi. Baada yake watu wakaanza kurudi nyumbani na kupanga stoo za maduka. Sindano nyingi za kila mwezi zinazotolewa kliniki zetu ni za ukoo huo.

Sasa kuna mtego mmoja ambao umeponza familia nyingi huku kwetu. Sindano ya mwezi haitoki mwilini siku mtu anapoiacha, inapungua polepole, kwa hivyo wiki za kwanza kijana atakuwa sawa kabisa, mzee atasema mnaona, hakuwa mgonjwa, pengine atamshukuru Mungu kanisani, halafu miezi michache baadaye usingizi unaisha, anaanza kuongea na ukuta, na hakuna anayekumbuka kuunganisha hayo mawili, wanasema ni jirani amemroga.

Kama kinachomsumbua kijana ni mikono kutetemeka, mate, mwili kukauka au kunenepa, hayo yasemwe kliniki waziwazi. Kuna dawa kama Artane ya kupunguza kutetemeka, na dozi yenyewe inaweza kushushwa, daktari akiamua. Mzee aende mwenyewe siku ya kliniki, aulize dawa inaitwaje, inafanya nini, itaendelea mpaka lini. Si kusumbua watu. Sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa 2022 inampa mgonjwa haki ya kushirikishwa kwa mpango wa matibabu yake. Hasira yake yote aipeleke huko, itafanya kazi.

Tena mwambie aulize mhadhiri kuhusu Thomas Adeoye Lambo, nashangaa kama hakutajwa. Huyu Mnaijeria mwaka wa 1954 pale Aro, Abeokuta, aliweka wagonjwa wakae vijijini na jamaa zao, mchana wanaenda hospitali kutibiwa, na akafanya kazi na waganga wa kienyeji badala ya kuwatusi. Hiyo ndiyo mnafanya Kondele bila kujua, kijana kwenu, dawa kliniki.

SWALI: Jamaa mmoja hapa Section 58 ameapa ati Wazungu walikuwa wanaambukiza wagonjwa wa akili malaria makusudi. Ni porojo? (Fundi wa Simu, Nakuru)

JIBU: Si porojo, kaka. Julius Wagner-Jauregg wa Vienna alianza 1917, akichukua damu ya mwanajeshi mwenye malaria na kuwatia wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imefika kwa ubongo. Joto kali la malaria lilidhoofisha vijidudu vya kaswende, halafu wanapewa kwinini. Wengine walikufa, lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa unaua karibu kila mtu, na 1927 akapata Nobel. Penisilini ilipokuja miaka ya 1940 mchezo ukaisha. Sisi wa kanda ya ziwa tunaolala kwa neti kila usiku tunaona kama kichekesho, ila kwa wakati ule halikuwa jambo la kijinga, na kwa maoni yangu ni bora mara kumi kuliko kukata ubongo.

SWALI: Mihadhara kama hii ikifika Kakamega naweza kuingia na mimi ni wa bodaboda, form four sikumaliza? (Msomaji, Lurambi)

JIBU: Ingia, keti mbele. Uliza kwa nini kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya mpaka Mahakama Kuu ikasema Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kinakiuka Katiba, hapo utaona wasomi wote wanageuka kukuangalia. Uliza kwa Kiswahili, na mhadhiri akikujibu kwa Kiingereza mwambie arudie.